Corolla 110 imesimama miaka minne, Desemba inatakiwa ifike Njombe: tuanzie wapi?

Kipengere (mleta uzi)

Wakuu, nawasalimu. Gari ni Toyota Corolla 110, injini 5A-FE, otomatiki. Imesimama uani Mbezi chini ya mwembe, mwaka wa nne huu. Hendibreki iliachwa imevutwa. Tenki lilikuwa karibu nusu, kwenye rejeta kuna maji ya bomba, si kolanti. Betri imekufa. Safari ni Dar hadi Njombe, kilomita 700 na ushee, watu wanne na mizigo. Muda uliopo ni wiki sita. Naomba mpangilio: nini kianze, nini kifuate, na nini kikiachwa kitatulaza njiani. Fundi wa mtaani anasema tuweke betri, tupige stata, tuone. Nimemwambia asubiri.

Spana Kumi

Mwambie aendelee kusubiri. Stata ya kwanza ndiyo inayofanya uharibifu ambao miaka minne haikuufanya. Oili yote imeshuka kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), kuta za silinda zimekauka, na ringi za pistoni huenda zimeshikwa na kutu kidogo. Ukizizungusha kwa nguvu ya stata zinakwaruza ukuta. Wakati huohuo pampu ya mafuta inavuta takataka za tenki na kuzipeleka kwenye injekta.

Siku ya kwanza ni ya macho na tochi tu. Fungua boksi la filta ya hewa, angalia kiota cha panya. Angalia pia nyuma ya dashibodi kwenye feni ya AC na chini ya sufi ya boneti. Panya wanapenda waya za injekta na zile za nyuma ya injini, upande usioonekana. Waya uliotafunwa usiufunge kwa utepe ukaishia hapo. Ukate, uunge kwa risasi, uvishe mpira wa kusinyaa kwa moto. Nyigu wa udongo nao hujenga ndani ya bomba la moshi, kwenye mpira wa kupumulia wa tenki na kwenye tundu linalotoa maji ya AC. Ingiza waya mgumu, toa udongo wote. Kwa kuwa ilikaa chini ya mwembe, toa majani yaliyooza kwenye mfereji chini ya wipa. Mfereji ukiziba maji huingia ndani ya gari, kwa hiyo inua na zulia la mbele uguse kama kuna unyevu.

Siku ya pili toa plagi nne, ila kwanza puliza mashimo yake kwa upepo wa kompresa, la sivyo mchanga wote utaangukia ndani ya silinda. Soketi ni namba 16, ile yenye mpira ndani. Waya za plagi zitie alama 1 hadi 4. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, ukibadilisha mbili tu injini itakohoa hadi uuze gari. Kila silinda weka oili safi ya injini kijiko kimoja cha chai, mililita 5 hivi. Usimimine kwa ukarimu: silinda ikijaa kimiminika, pistoni haina pa kwenda na fimbo yake inapinda. Acha usiku kucha.

Asubuhi weka gia N, zungusha puli ya krenki kwa mkono, soketi na mpini mrefu, mwelekeo wa saa ukiwa umeitazama puli. Mizunguko miwili kamili. Ikigoma usiuning'inie mpini. Ongeza oili kidogo, subiri siku mbili, kisha ichezeshe mbele na nyuma inchi kwa inchi mpaka ilegee.

Mtaa wa Tatu

Mbona mnaikuza? Mafuta ongeza lita 20 mapya juu ya yale ya zamani yatachanganyika. Oili mwaga, tia dizeli lita tatu, washa dakika tano, inasafisha injini yote. Mambo kwisha.

Babu Gasketi

Mtaa wa Tatu, kwa hiyo dizeli yako ndiyo itakayolainisha beringi za krenki kwa hizo dakika tano? Dizeli ni nyepesi mno, haibebi mzigo. Na hilo tope inalolibandua haliyeyuki lote. Linakwenda kukwama kwenye wavu wa pampu ya oili ndani ya sampo, halafu taa ya oili inawaka ukiwa Chalinze. Anayetaka kusafisha afanye hivi: mwaga oili ya zamani, weka filta mpya na oili ya bei ya kawaida, tembeza kilomita 200 za majaribio, mwaga tena na filta tena, ndipo uweke oili ya safari. Oili yenyewe ndiyo sabuni. Nunua galoni ya lita 4 lakini usiimimine yote. Tia lita 3, subiri dakika kumi, soma dipstiki, ongeza hadi ifike karibu na alama ya F. Kwa joto la Dar 15W-40 inatosha. 20W-50 ya nini, kama injini haijachoka? Asubuhi ya baridi ya Njombe oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kemu.

Sasa petroli. Miaka minne ndani ya tenki, sehemu nyepesi, zile zinazoshika moto haraka, zimeruka zamani. Yaliyobaki yameungana na hewa yakatoa utomvu. Yanuse: yakinuka kama vanishi ya mbao, hayafai hata kuchanganya. Tenki kuwa nusu ni kubaya kuliko kujaa, maana ile nusu ya hewa imetoa jasho kila usiku na kutu imeota kwenye dari ya tenki. Kwa hiyo:

Toa kwanza waya wa hasi wa betri. Inua siti ya nyuma, chini yake kuna kifuniko cha bati, ndani yake ndiyo pampu. Chomoa soketi ya umeme na mipira, fungua skrubu, itoe pampu nzima na boya lake. Hapo utaona mwenyewe. Sakafu ya tenki ikiwa safi, nyonya mafuta yote kwa mpira, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Ukiona unga mwekundu, tenki lishuke chini, lioshwe na likaushwe kabisa. Kichujio cha soksi cha pampu kibadilishwe, hakina mjadala. Filta ya mafuta iliyoko kwenye chumba cha injini ibadilishwe pamoja na washa zake, zile pete za shaba za kubana, hazirudiwi. Fanya kazi hii nje, pasipo sigara wala jiko la mkaa jirani, na mafuta mabovu usiyamwage kwenye mtaro.

Kipengere

Mzee Babu Gasketi, nitajuaje pampu inafanya kazi bila kupiga stata?

Voltimita

Nimjibie mzee. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha plastiki kimeandikwa DIAGNOSIS. Kifungue, kifuniko chake kina ramani ya matundu. Unganisha +B na FP kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata. Pampu itanguruma chini ya siti ya nyuma. Kabla ya hapo chomoa mpira wa mafuta unaokwenda kwenye injekta, uelekeze kwenye chupa ya kioo, na uwe na betri nzima. Petroli itoke kwa nguvu na iwe nyeupe. Ikitoka ya kahawia endelea mpaka isafike. Isipotoka na pampu hainung'uniki, pima umeme kwenye soketi ya pampu kabla ya kununua nyingine. Mara nyingi ni fyuzi ya EFI (ya mfumo wa injekta) au waya wa mwili wenye kutu, hewa ya pwani hii mnaijua.

Betri ya zamani sahau. Iliyokaa tupu miaka minne imeshakuwa jiwe, hata ukiichaji ikasoma 12.6 itaanguka ukiwasha taa. Nunua mpya na kabla ya kulipa muuzaji aipime mbele yako: 12.5 kwenda juu. Safisha vichwa vya waya kwa msasa hadi vimeremete, halafu fungua ule waya wa hasi unaokwenda kwenye gia boksi na kwenye bodi, safisha chini yake pia. Injini ikiwa inapigwa stata, pima kati ya kichwa cha hasi cha betri na chuma cha injini. Mita ikizidi nusu volti, waya huo unanyima umeme, ubadilishe. Ikishawaka, betri isome 13.8 hadi 14.5. Chini ya hapo alteneta, mara nyingi ni kaboni zimekwama kwa vumbi. Juu ya 15 ni rekuleta, izime kabla haijachemsha betri.

Dada Plagi

Plagi usizirudishe hizo. Mpya za kawaida, uwazi 0.8 mm, kaza kwa mkono hadi zikae, kisha mpini robo mzunguko au kidogo zaidi. Fungua na kifuniko cha distributa, ndani kuna ukungu mweupe kwenye nguzo nne na kwenye rota. Ukiukwangua sana unatoa shaba. Kifuniko na rota vipya si ghali.

Kabla ya kurudisha plagi pima msukumo wa silinda. Mafuta yafungwe, fyuzi ya EFI itolewe, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini, mizunguko mitano kwa kila tundu. Kwa injini hii usikubali chini ya psi 140, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14 hivi. Lete namba hapa.

Spana Kumi

Naongezea alichosema Dada. Fyuzi ya EFI ikiwa nje ndio wakati wa kupandisha oili pia. Piga stata sekunde tano, pumzika nusu dakika, rudia hadi taa ya oili izimike. Hapo unajua beringi zimepata oili. Ndipo urudishe fyuzi na uwashe.

Kitonga Juu

Wakuu mmeongea injini tu. Gari kuwaka siyo gari kupona. Kinacholaza magari ya namna hii barabara ya Iringa ni mipira na breki.

Breki kwanza. Hendibreki ya miaka minne, breki shuu zimegandana na dramu. Usivute gari kwa nguvu, kitambaa kitabanduka kutoka kwenye chuma chake kibaki ndani kimelegea, na siku moja kitajikunja na kufunga tairi ukiwa kasi. Legeza hendibreki, toa tairi. Dramu ya nyuma ina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Tia boliti mbili za milimita 8, kaza moja nusu mzunguko, nyingine nusu mzunguko, dramu inajisukuma yenyewe nje. Ukikaza upande mmoja tu unaipasua. Ndani funua vimpira vya wili silinda (ile silinda ndogo inayosukuma breki shuu) kwa kucha. Ukiona unyevunyevu, imekwisha. Badilisha zote mbili za nyuma hata kama inavuja moja.

Mbele toa kalipa, sukuma pistoni ndani kwa klampu. Isiporudi kwa mkono wa kawaida ina kutu, fungua, badilisha mpira wake na pistoni ikibidi. Pini za kalipa zioshe, paka grisi ya breki. Grisi ya kawaida hapana, inavimbisha mpira. Mpira wa breki wa kila gurudumu ukunje: ukiona nyufa ndogondogo kama udongo uliokauka, nje. Kuna ubaya mwingine usioonekana: mpira ukivimba ndani, breki inashika lakini haiachii, unafika Mlandizi gurudumu moja linatoa moshi.

Halafu mafuta ya breki. Yananyonya maji ya hewani, na miaka minne ya Dar yamenyonya ya kutosha. Maji hayo yakipata joto yanachemka, yanakuwa mvuke, na mvuke unakandamizika. Mguu unazama hadi sakafuni. Hii haitokei mjini, inatokea ukishuka mlima Kitonga, na kushuka ni wakati wa kurudi Dar. Mwaga yote, tia DOT 3 au DOT 4 mpya kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyohiyo, nusu lita hadi lita moja inatosha. Kutoa upepo anza gurudumu la nyuma lililo mbali na masta silinda, malizia la karibu. Anayekanyaga pedali asifike sakafuni, kwa masta silinda ya zamani sehemu ya mwisho ina kutu na itachana kimpira. Weka kipande cha ubao chini ya pedali. Chombo kisikauke hata mara moja, la sivyo unaanza upya.

Mtaa wa Tatu

Sawa nimesalimu amri kwenye dizeli. Ila tairi zina kashata (meno) nzuri kabisa, hizo aziache. Na themostati atoe, huko kupanda milima itachemsha.

Kitonga Juu

Kashata haisemi umri. Ubavuni kuna herufi DOT na mwishoni namba nne. 2316 ni wiki ya 23 mwaka 2016. Tairi ikizidi miaka sita na ilikaa imebeba gari mahali pamoja, ina nyufa ndani na ina sehemu bapa itakayotikisa usukani. Ikizidi kumi hata kuijadili ni kupoteza muda. Vali za mpira nazo mpya. Akiba, maana yake tairi ya spea, nayo ina umri uleule! Watu wananunua nne wanasahau ya tano.

Babu Gasketi

Themostati haitolewi. Hii tabia imeharibu injini nyingi mjini hapa. Bila themostati maji yanazunguka muda wote, injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga mafuta mengi. Plagi zinakuwa nyeusi, oili inachanganyika na petroli, na Makambako kwenye baridi hita haitoi kitu. Gari inayochemsha themostati ikitolewa tu ndipo iache, tatizo lake liko kwingine, na umelificha.

Fanya hivi. Fungua koki ya chini ya rejeta, maji yatatoka kama chai ya rangi. Toa themostati, funga nyumba yake tupu, sukuma maji ya bomba kinyume: yaingie kwa mpira wa chini wa rejeta, yatoke juu. Rudia kwenye injini na kwenye mipira ya hita. Simamisha yakitoka meupe. Rejeta ya zamani itazame mapezi yake kwa tochi. Ukiyagusa yakamomonyoka kama biskuti, usiisafishe, nunua. Themostati mpya ya nyuzi 82, kile kivali kidogo kinachochezacheza kielekee juu, hapo ndipo hewa inapotokea. Mfuniko wa rejeta mpya wenye namba ileile ya wa zamani, kwa kawaida 0.9. Mfuniko dhaifu unashusha kiwango cha kuchemka, na ndiyo sababu gari inachemsha mlimani wakati rejeta nzima.

Mipira yote ya maji mipya: wa juu, wa chini, miwili ya hita, na ule mfupi wa nyuma ya injini ambao mafundi wanauruka kwa kuwa mkono haufiki. Huo ndio unaopasuka. Kolanti nusu, maji nusu. Maji yawe yale ya kuongezea betri, siyo asidi ya betri, duka moja linauza vyote na chupa zinafanana, soma karatasi. Jaza taratibu, mfuniko wazi, hita kwenye joto kamili, injini silensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta), mpaka mpira wa chini upate moto na mapovu yaishe.

Feni: kwenye Corolla hizi, swichi ya joto ya feni ukiichomoa soketi yake huku swichi ya gari iko ON, feni inapaswa kuzunguka. Isipozunguka tafuta fyuzi, relei, au feni yenyewe imekufa. Jaribio la nusu dakika.

Spana Kumi

Na taimingi belti, kabla sijasahau. Hata kama ilifungwa mpya kabla gari haijasimama, mpira umekaa miaka minne umekunjwa mahali pamoja kwenye puli ndogo. Belti mpya, tensheni mpya, oili sili ya krenki na ya kemu kwa sababu ziko hapohapo. Ukishafunga, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili urudi kwenye alama. Alama zikipishana jino moja, fungua tena, usijidanganye itajirekebisha. Pampu ya maji ya injini hii inazungushwa na fenibelti, ikague: puli ikicheza au tundu dogo la chini likiwa na michirizi ya kutu, ibadilishe. Fenibelti zote mpya.

Oili ya gia boksi mwaga kwenye ndoo yenye alama za lita, rudisha kiasi kilekile cha aina iliyoandikwa kwenye dipstiki yake. Isome gari ikiwa ya moto, injini inawaka, gia P, baada ya kupitisha gia zote taratibu. Wengi wanasoma ikiwa ya baridi, wanajaza kupita kiasi, inapanda mapovu na gia zinateleza.

Kipengere

Wakuu, taarifa. Injini imezunguka kwa mkono siku ya kwanza. Tenki lilikuwa na kutu juu, limeshushwa na kuoshwa. Dramu ya nyuma kushoto ilihitaji boliti kama mlivyosema, wili silinda zote mbili zilikuwa zimelowa. Namba za Dada Plagi: silinda 1 psi 165, ya 2 psi 160, ya 3 psi 120, ya 4 psi 165. Hiyo ya 3 inanitisha. Nifungue hedi?

Dada Plagi

Bado. Tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye silinda ya 3, zungusha mara mbili, pima tena. Ikipanda sana, ringi ndizo zimeshika kwenye nafasi zake, oili imeziba pengo kwa muda. Isipopanda, ni vali haikai, huenda ilibaki wazi miaka yote minne ikaota kutu kwenye kiti chake. Namba ikibaki chini kwa silinda mbili zilizo jirani, ndipo ufikirie gasketi ya hedi.

Kipengere

Imepanda hadi 150.

Dada Plagi

Ringi basi. Usifungue kitu. Washa, tembeza majaribio, pima tena baada ya kilomita 200. Ringi zilizoshikwa na utomvu mara nyingi zinaachia zikipata joto. Moshi wa buluu dakika kumi za kwanza usikushtue, ni ile oili uliyomimina.

Mwana Lugalo

Naomba kuuliza kando: vipuri vipya vyote au vingine mtumba wa Ilala?

Babu Gasketi

Mtumba wa chuma kubali: alteneta, stata, nyumba ya themostati, kalipa tupu ya kwenda kufungwa mpira mpya. Mtumba wa mpira kataa: belti, hozi, wili silinda, mipira ya breki, buti za draiveshafti. Pampu ya mafuta mtumba ni bahati nasibu. Gerezani kuna kopi za filta zinazofanana na orijino kwa boksi tu. Ya oili tazama ndani ya matundu madogo yanayozunguka tundu la katikati, kama haina kivali cha mpira kinachozuia oili kurudi, kila asubuhi injini itagonga sekunde mbili tatu ikiwaka.

Voltimita

Bima iwe hai kabla ya majaribio, siyo siku ya safari. Ihakiki kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) kwa namba ya gari. Angalia na faini za zamani kwa namba ileile. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017, mtu asikuchaji. Kizima moto kiwe na tarehe, pembetatu mbili.

Kitonga Juu

Majaribio yapandishe hatua kwa hatua. Dakika 20 silensa uani, huku unatazama chini kama kuna tone. Kisha kilomita 10 mtaani, simama, gusa rimu zote nne kwa nyuma ya kiganja. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki yake haiachii. Kisha Kibaha kwenda na kurudi. Kisha Chalinze kwenda na kurudi, ambazo ni kilomita 200 hivi, ukiwa na mizigo ya uzito wa safari. Usiondoke kesho yake. Acha siku mbili, inama tena chini ya gari. Sili zilizokauka zinaanza kuvuja baada ya joto la kwanza la kweli, siyo uani.

Njiani: toka alfajiri, upite Morogoro kabla jua halijakaza. Mikumi nenda kwa vibao, kilomita kama 50 za mbugani zina matuta na wanyama. Ruaha Mbuyuni pumzisha gari nusu saa. Kuanzia Mahenge zima AC, O/D (gia ya juu kabisa) izimwe, ikilemewa weka 2, usimfuate lori mkiani maana hewa yake ni ya moto na hupati upepo wa rejeta. Sindano ya joto ikipita katikati, fungulia hita yote na madirisha, inasaidia kuliko inavyodhaniwa. Ikiendelea kupanda, tafuta pa kuegesha salama, zima, usiguse mfuniko wa rejeta kwa saa nzima. Kurudi Dar, shuka na gia ileile uliyopandia, breki ikanyage kwa nguvu kidogo kisha uachie, usiiburuze.

Kwenye buti: lita 5 za maji, lita moja ya oili, mpira wa juu wa rejeta wa akiba, fenibelti, fyuzi, klipu mbili, wili spana ya 21 na bomba la kuirefusha. Hayo tu, siyo gereji nzima.

Kipengere

Imefika Chalinze na kurudi, jumla kilomita 220. Silinda ya 3 sasa 155. Joto lilikaa chini ya katikati safari nzima, rimu zote sawa. Oili imemwagwa mara ya pili. Swali la mwisho: chini ya mfuniko wa kujazia oili kuna ute mweupe kama mayonizi. Nimeona watu wanasema ni gasketi ya hedi.

Spana Kumi

Toa dipstiki. Oili yake ni safi au ya maziwa? Fungua rejeta ikiwa ya baridi kabisa: kuna mafuta yanayoelea? Na kiwango cha kolanti kimeshuka?

Kipengere

Dipstiki safi, rangi ya asali. Rejeta haina mafuta, kolanti haijashuka hata kidole.

Spana Kumi

Basi ni jasho. Unyevu wa miaka minne ulikuwa ndani ya injini, na safari fupi fupi za majaribio hazikuuchoma wote, umepanda na kuganda kwenye mfuniko kwa sababu ndiyo sehemu ya baridi zaidi. Futa kwa kitambaa. Ukifika Morogoro zima gari, subiri dakika kumi, fungua mfuniko wa oili utazame: ute uwe umepungua au umekwisha. Ukiwa umerudi mwingi na dipstiki imegeuka maziwa, geuza gari hapohapo. Ukiwa Morogoro pia kaza nati za magurudumu yote, umezifungua na kuzifunga mara nyingi wiki hizi.